Jiwe ya Kwanza mu Mustari

Ukishuka kutoka daraja ya Mulongwe unaelekea ziwani, utaona kwanza moshi, kisha banc, kisha wanaume wamekaa juu yake wanagombana. Moshi ni yangu minye, Mwavita. Kahawa yangu iko na tangawizi na iliki, na mwenye kusema haikolei aende akunywe maji ya mto. Banc ni ya wote: ubao mrefu juu ya miguu mine, mguu mumoja mto uliukula ule mwaka maji ilipanda, na tangu siku ile anayekaa pembeni anachezacheza kama iko mu mutumbwi. Lakini ile asubuhi ninayotaka kuwaelezea, mwaka wa pili wa vita ya pili, banc ilikuwa imetulia tuli. Pembeni alikaa Nourdine, tunayemwita Avocat kwa sababu hakusomaka sheria hata siku moja; kikombe juu ya goti, hakuna tone lililomwagika, na uso wake ulikuwa wa muntu aliyeshinda kesi. Katikati Alimasi Redio, na redio yake ambayo mawe ya moto, zile betri, anayaanikaka ku jua pamoja na ndagala ili yapate nguvu. Mwisho Herménégilde, mulimaji aliyekimbia kutoka Nyakabere, tunamwita Mihogo, kwa sababu kila hadithi yake inaanzia mu shamba yake ya mihogo.

Ndipo Octave, fundi wetu wa kujenga, akafika mbio, shati iko wazi.

— Wameiba jiwe yangu!

— Jiwe gani tena? Avocat akauliza.

— Ya munganga! Ya mustari! Ilikuwa ya kwanza, wallahi ya kwanza kabisa, na haiko!

Hapa lazima nieleze, maana mugeni anaweza kucheka. Wakati ule munganga wa hospitali, daktari wa kweli, alikuwa mumoja kwa pwani yote ya huku kwetu Uvira. Wengine walikimbia. Huyu mumoja alikujaka siku njia ya Kamanyola ikifunguliwa, anaona wagonjwa, na jioni anapanda gari anarudi, kwa sababu hakuna aliyejua kama kesho itafunguliwa tena. Ukimukosa leo, umemukosa kwa miezi. Na kulala mbele ya hospitali haikuwezekana, juu ya couvre-feu: ukikutwa inje usiku, hutahitaji munganga tena. Basi sisi tulilala nyumbani, na mawe yakalala kwa nafasi yetu. Jioni, habari ikipita kwamba munganga anakuja, unabeba jiwe, unaiweka mu mustari mbele ya lango, unarudi kwako. Jina unaiandika na makaa upande wa chini, ule unaoangalia udongo, maana siku zile muntu hakutangaza jina yake barabarani. Asubuhi kila mumoja anajua jiwe yake kwa sura, anasimama pale. Bigirimana, sentinelle anayelinda lango, alikuwa na sheria moja tu: jiwe njo muntu. Bila jiwe, weye haukukuja.

— Bigirimana amesema nini? nikamuuliza Octave.

— Amesema niende nyuma ya wote. Nyuma ya wote ni kule ku kona ya soko, Mwavita! Munganga hatafika kule leo.

— Na mutoto?

— Iko ku lango na mama yake. Asubuhi nimemupa nusu kidonge. Ilikuwa ya mwisho.

Nikaweka birika chini. Mutoto ni Délice, binti yake wa pekee, na iko na kifafa. Akimeza vidonge vyake kila siku, ni mutoto kama wengine, anaruka kamba, anajibu wakubwa ovyo. Vikikatika, anaanguka. Kuna siku aliangukia hapa pangu. Mukono wake uliingia mu makaa ya mbabula mbele ya minye kumuvuta, na kovu iko pale hata leo, na harufu ile minye sijaisahau. Hiyo ilikuwa ile mara Octave alinunua vidonge kwa ule kijana wa sokoni anayetembeza dawa mu kikapu, na kumbe vilikuwa unga tu. Apollinarie wa pharmacie, duka ya dawa, iko na vile vya kweli, lakini hatoi hata kimoja bila ordonnance, ile karatasi ya munganga, na simulaumu: ni dawa kali, ukikosea kipimo mutoto anaweza asiamuke. Basi karatasi ilikuwa kwa munganga, munganga alikuwa nyuma ya lango, na lango ilitaka jiwe.

— Nakuja kuwaomba ndugu zangu, Octave akasema. Jana jioni nilipita hapa nimeibeba ku bega. Mulinicheka nyinyi wote. Kujeni mumwambie Bigirimana mulichoona.

— Tutakwenda, Avocat akasema. Lakini kaa kwanza. Kaa, banc leo imetulia.

— Sina wakati wa kukaa!

— Munganga amefika wapi?

— Anatembelea wale wa vitanda. Akimaliza, anaanza mustari.

— Basi wakati iko. Haraka haraka haina baraka. Ukienda na mashahidi bila mwizi, kesi imekufa. Tutafute mwizi kwanza.

— Weye Nourdine, nikamwambia, mutoto anangojea vidonge, weye unamutafutia kesi?

— Mama Mwavita, choma kahawa, achia sheria wenye sheria.

Octave akakaa. Sijui kwa nini alikaa. Muntu akiwa na hofu sana, ukimwambia kaa, anakaa.

— Minye nasema hivi, Avocat akaanza, kidole juu. Mwizi ni Bigirimana mwenyewe. Analala pale pale ku lango. Nani mwingine? Mutu fulani amemupelekea samaki mukubwa, jiwe ya Octave ikatupwa, yake ikaingia. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Hapana, Alimasi akasema. Bigirimana hawezi kunama, mugongo wake umekufa. Na kama angeweka jiwe ingine, ingekuwepo. Octave, pale mbele kuna jiwe ingine?

— Hakuna. Iko shimo tu.

— Umeona! Jiwe imetoka, hakuna iliyoingia. Sasa uniambie: ilikuwa nzito?

— Ilikuwa nzito. Minye ni maçon, Alimasi, sibebi kokoto. Nilichagua jiwe bapa, nzuri, yenye kukaa.

— Nzito kupita ukubwa wake?

— Kidogo.

— Njo ile! Alimasi akapiga goti. Ile haikuwa jiwe, ndugu yangu. Ile ilikuwa madini. Mawe ya Kivu haiko mawe tu. Kuna ndege zinashuka usiku bila taa, zinapakia mawe, zinaenda Ulaya wanatengenezea masimu. Wamepita na mashine yao inayolia tii, tii, tii, imefika ku yako ikalia tiiii. Basi.

— Nani alisema habari ya mashine? Avocat akauliza.

— Redio.

— Redio hii yako, ambayo mawe yake ya moto iko ku jua na ndagala?

— Ilisema mbele ya kufariki. Na wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Kesho watachukua mulima wote.

— Bandu bandu inaingia wapi hapo? nikauliza.

— Inaingia.

Mihogo alikuwa amenyamaza wakati wote, anapuliza kahawa. Mihogo akinyamaza ujue anapika kitu.

— Mutanicheka, akasema. Lakini kule Nyakabere, mu shamba yangu ya mihogo...

— Tunaanza, Alimasi akasema.

— ...mu shamba yangu ya mihogo kiboko aliingiaka usiku. Na hakukulaka mihogo. Alisogeza mawe ya mupaka! Asubuhi shamba yangu imekuwa ya jirani. Sasa jana usiku, nani hakusikia kiboko akipanda kutoka ziwani?

Kwa kweli tulimusikia wote. Anapandaka mara nyingi, anatembea mu barabara ya watu kama alizaliwa pale, na askari wenyewe wanamupisha.

— Kiboko anataka jiwe afanye nayo nini? Avocat akauliza.

— Njo hapo. Kwa nini apande mpaka hospitali, majani iko chini? Kwa sababu iko mugonjwa.

— Nani?

— Kiboko. Anajua munganga anakuja. Amepanda kuchukua nafasi.

Hata minye nilisimamisha kijiko.

— Na kama alikuja kuchukua nafasi, Avocat akasema, sauti ya kesi, jiwe yake mwenyewe iko wapi?

— Mukono hana, ataibeba na nini? Akachukua iliyokuwa tayari.

— Hapo sasa iko swali ya sheria. Kiboko wa ziwa hii, ni raia ao si raia? Kama ni raia...

— Kama anatoka upande wa Burundi, Alimasi akasema, lazima aonyeshe karatasi.

— Mutoto wangu ataanguka!

Octave alikuwa amesimama. Alisema vile na sauti ambayo sijaisikiaka kwake, muntu mupole anayeongea na matofali.

— Leo ao kesho ataanguka, akasema. Mara ile ilikuwa mukono. Itakuwa uso. Itakuwa ziwani, anachota maji, na hakuna mutu karibu. Nyinyi munaongea kiboko!

Mihogo akaangalia vidole vyake vya miguu.

— Mvumilivu hula mbivu, Octave, akasema polepole.

— Mbivu gani, Mihogo? Mbivu gani?

Nikachukua vikombe. Nikakitoa cha Avocat ku goti yake, nikakitoa cha Alimasi, cha Mihogo nikakimwaga, kilikuwa na nusu.

— Kahawa imefungwa, nikasema. Simameni wote mumusindikize huyu baba ku lango. Mwenye kubaki hapa kesho hatakunywa, na kesho kutwa hatakunywa, na mukikufa sitapika kahawa ya matanga.

Walikuwa wanaanza kujivuta, na Avocat anatafuta kofia yake, tulipomwona mama mumoja anakuja kwa haraka, kitenge kimefungwa cha safari, miguu ina vumbi nyeupe ya bonde mpaka ku magoti. Hakuwa wa hapa. Akasimama mbele yetu, akapumua.

— Yambo zenu.

— Yambo, mama. Karibu, nikasema. Kahawa imefungwa lakini kwa mugeni nitafungua.

— Aksanti, haiko kahawa natafuta. Minye ni Marie-Jeanne, natoka Kamanyola, kule mwisho wa bonde. Natafuta muntu. Wameniambia wanaume wa hapa wanajuaka habari ya kila muntu.

— Hiyo ni kweli, Avocat akasema, akakaa tena.

— Natafuta mwenye jiwe iliyokuwa mbele ya yangu.

Octave akageuka.

— Jana jioni niliweka yangu ya pili, Marie-Jeanne akaendelea. Ni juu ya mama yangu, iko na tension, ile presha ya damu, dawa zake zimeisha njiani. Asubuhi nikakuta ya kwanza haiko. Sentinelle akaniambia, basi mama, weye njo wa kwanza, songa. Nikasema hapana. Mbele yangu kuna muntu. Jiwe inaweza kupotea, lakini muntu aliiweka, alama yake iko mu udongo. Wa nyuma wananitukana mpaka sasa.

— Na nani anashika nafasi sasa, weye uko hapa? nikauliza.

— Mama yangu amekaa ku jiwe yetu. Amelaza fimbo yake mu ile shimo. Amesema atakayeruka fimbo atamupiga nayo. Lakini munganga anamaliza vitanda, na sentinelle amesema kama mwenyewe haonekane na jiwe yake, atafunga ile nafasi.

— Ni minye, Octave akasema. Ni yangu. Mama, ni minye.

Muntu asiyemujua, aliyetembea bonde yote na mama mugonjwa, alikuwa amekataa kuruka nafasi yake.

— Basi baba, jiwe iko wapi?

— Wameiba.

— Ni madini, Alimasi akasema taratibu.

— Ao kiboko, Mihogo akasema, taratibu kupita yeye.

Marie-Jeanne akawaangalia mumoja mumoja, kama mutu anayeangalia dawa ya sokoni. Kisha akainama kukaza kitenge chake. Akabaki ameinama.

— Samahani, akasema. Hii jiwe chini ya mguu wa banc yenu, mulitoa wapi?

Alimasi akaangalia Mihogo, Mihogo akaangalia mto. Minye mwenyewe, ninayefagia pale kila asubuhi, sikuiona. Asubuhi nilikuja, nikawasha mbabula, nikaona banc haichezi, nikasema Mungu asifiwe, nikaendelea na kazi. Wanaume watatu waliikalia. Octave mwenyewe aliikalia.

Octave akapiga magoti. Akainua ubao na bega, akavuta jiwe, akaigeuza. Makaa ilikuwa imepaukapauka lakini ilisomeka. Hakuandika jina yake. Aliandika DÉLICE.

Sasa, ku ule mguu mubaya anakaaka muntu mumoja tu. Tukamuangalia wote. Avocat alikuwa ameshika kofia na mikono miwili.

— Nilikuwa natoka kusali, napita mbele ya hospitali, akasema. Couvre-feu ilikuwa imetoka kuisha, bado giza. Macho yangu, munajua macho yangu. Niliiona peke yake, mbele, imekaa vizuri. Nikasema hii mto uliitupa. Bapa, nzuri. Kila siku kahawa inanimwagikia ku kanzu. Sikuigeuza. Octave, Mungu ananiona, sikuigeuza!

Na muntu huyu aliishi Uvira maisha yake yote, alikuwa na jiwe yake mwenyewe mu mustari huo mara ngapi. Nilitaka kumupiga na kijiko ya kahawa. Lakini Octave hakumungoja amalize. Alikuwa ameishaibeba kifuani kama mutoto, anapanda mbio, Marie-Jeanne nyuma yake. Na nyuma ya Marie-Jeanne nikamwona Avocat, anayetembeaka kama kanzu yake ni ya kioo, ameikunja mpaka ku magoti, anakimbia.

— Unaenda wapi weye? nikamuitia.

— Ku ushahidi!

Banc, bila jiwe na bila Avocat, ikainama upande mumoja. Alimasi akateleza akamwangukia Mihogo, redio ikawaangukia wote wawili. Mara ya kwanza siku ile nilicheka.

Kisha hatukucheka tena. Tulikaa chini, watatu, tukiangalia njia. Alimasi hakutoa habari. Mihogo hakutaja shamba. Minye nilikoroga birika ambayo haikuhitaji kukorogwa, nikasali kimoyomoyo, nikamwambia Mungu kwamba ule mukono mumoja ulitosha.

Jua ilikuwa juu ya kichwa tulipomwona Délice. Yeye mbele, anaruka kwa mguu mumoja, anahesabu kwa sauti. Kisha Consolate mama yake, anacheka na kulia pamoja, mukono umeshika kifuko cha pharmacie kama kitu cha dhahabu. Kisha Marie-Jeanne na mama yake mukongwe, fimbo inagonga njia. Kisha Avocat, kanzu imejaa vumbi. Octave alikuwa wa mwisho, jiwe ku bega.

— Amepata? nikapiga kelele toka mbali.

— Amepata!

— Vya kweli?

— Kwa mukono wa Apollinarie mwenyewe! Na munganga ameandika vya kutosha mpaka masika yaishe, kwa sababu njia haijulikani. Mpaka masika yaishe, Mwavita!

Nililia. Nililia mbele ya wateja, na Délice akaniuliza kama niko na kifafa minye pia, nikamwambia funga mudomo, nikamupa kitumbua, nikashika ule mukono wake wa kovu nikaubusu. Mama mukongwe naye alikuwa wa pili, amepata dawa zake, na amepimwa, na munganga amemwambia apunguze hasira.

— Haitawezekana, mama akasema.

— Na Avocat? Alimasi akauliza. Kesi ilikwendaje?

— Alisimama mbele ya mustari wote, Octave akasema, akasema: mwizi ni minye, Nourdine, niliiba nikalie, hukumu iwe yangu, mutoto aingie. Bigirimana akasema tangu alinde lango hajaonaka mwizi anayekuja mbio akiomba aaminiwe. Akacheka mpaka mugongo ukamuuma. Akafungua.

Avocat alikuwa amesimama kando ya banc, hakutaka kukaa. Octave akashusha jiwe. Akapiga goti, akaangalia ule mguu uliokulwa na mto na jicho la maçon, akachimba udongo kidogo, akaweka jiwe, akaigonga na kiganja. Akaweka mukono juu ya ubao, akaubonyeza. Ukatulia.

— Octave, Avocat akasema. Ile ni ya mutoto.

— Mpaka masika yaishe hataihitaji. Mutanilindia hapa. Siku ile ikifika, angalau nitajua pa kuitafuta.

— Na jina?

— Upande wa chini. Siku hizi jina haliangalii juu.

Nikafungua kahawa. Nilianza na wageni, Marie-Jeanne akakaa katikati ya banc, viatu vya vumbi vimenyooshwa mbele.

— Mugeni njo, mwenyeji apone, Mihogo akasema, na tukageuka wote kumuangalia, kwa maana methali ilikuwa imeanguka mahali pake, jambo ambalo halikutokeaka ku banc yetu.

Birika iliishia kwa kikombe cha ule mama mukongwe. Avocat hakupata. Akakaa ku pembe yake taratibu, uzito kidogo kidogo, na banc haikucheza.